Macho ya Kuazima

Jumamosi, 1 Machi

Mashine yangu ya Breli ina kelele za kuamsha wapangaji wa ploti nzima, kwa hiyo nitakuwa nikiandika jioni tu, watu wakiwa bado wanapika. Nimeamua kuuandika msimu huu wote, hata kama siku nyingine zitapata mstari mmoja. Leo Mzee Kang'ethe, kocha wetu, ametuambia kwamba mchujo wa timu ya taifa ya bowls utafanyika mwanzoni mwa Mei, hapa hapa Thika, kwenye nyasi za klabu yetu. Nafasi ya mwanamke asiyeona kabisa ni moja. Timu itakwenda Afrika Kusini mwezi wa Agosti. Mimi nina miaka thelathini na minane, kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya Breli, na sijawahi kupanda ndege.

Selpha alinigusa kwa kiwiko. "Hiyo nafasi ni yetu, Kavindu."

Alisema yetu, na ni kweli. Asiyeona hachezi bowls peke yake. Mimi nasimama kwenye mkeka upande huu, tufe mkononi. Selpha anasimama upande ule, karibu na jeki, yaani kile kimpira cheupe ambacho tunashindana kukikaribia. Ananiitia umbali, naviringisha, kisha ananiambia tufe langu limelala wapi. Tunatumia saa. Jeki ni katikati ya uso wa saa. Tufe likiipita na kulala nyuma yake ni saa sita, likikomea upande wangu ni saa kumi na mbili, kulia ni tisa, kushoto ni tatu. Akisema, "Saa kumi na mbili, nusu mita," mimi naona. Sina namna nyingine ya kueleza.

Selpha ni jirani yangu Ruiru, mlango wake unatazamana na wangu. Ni mjane, fundi wa nguo, binti yake yuko shule ya bweni. Ana ugonjwa wa sukari, anajidunga insulini na hatembei bila peremende mkobani, za kula sukari ikishuka. Tangu nihamie hapa ndiye anayenisomea bili ya stima na kuniambia kama sketi imegeuka. Nikiwa naye, fimbo yangu hubaki imekunjwa mkobani.

Jumamosi, 8 Machi

Jua kali. Nyasi zimekauka na matufe yanakimbia kama yanafukuzwa.

Kang'ethe alikuwa mrushaji wa kriketi ujanani, na hawezi kutufundisha bowls bila kupitia huko kwanza. Leo alisema Waingereza wana neno moja, bowling, kwa michezo ambayo haifanani hata kidogo. "Kwa kriketi unamrushia mtu mwenye gongo, na yeye anataka kukuaibisha. Kwa ile ya mjini, ya ndani ya nyumba, unaenda kuangusha vitu vimesimama vyema. Hii yetu ni kama kutembelea mtu. Unafika, unakaa karibu, basi."

Nikamwambia shuleni tulicheza kriketi ya wasioona. Mpira una punje ndani, unalia kama kayamba, na mrushaji anauviringisha chini. Lakini kabla ya kuuachilia lazima amuulize mpigaji kama yuko tayari, na asipojibiwa harushi.

"Hiyo ina adabu," akasema Kang'ethe. "Angalau unaambiwa kinachokujia."

Tulicheza vizuri sana. Tufe la bowls si duara kamili, upande mmoja umezidi, kwa hiyo linatoka nje kwanza na kurudi ndani likianza kuchoka. Unalielekeza mahali ambapo hutaki lifike. Leo mkono wangu ulijua. Selpha alikuwa akiita saa, nami nikasikia furaha ndani ya sauti yake.

Jumatano, 12 Machi

Kazi tu. Kitabu cha jiografia cha darasa la nane, makosa mengi. Selpha yuko mazoezi ya kwaya, kama kila Jumatano siku hizi.

Jumamosi, 15 Machi

Bado kavu. Selpha ameanza kunirekodi kwa simu nikicheza. Kang'ethe alimuuliza kwa nini simu haimtoki usoni, akasema anataka nibaki na kumbukumbu. Nilicheka. Kumbukumbu ya video, mimi.

Cherehani yake haijalia wiki nzima. Anasema ni mwezi mbaya, watu hawashoni.

Ijumaa, 21 Machi

Ofisi ilitupeleka boling kwenye jumba moja la maduka huku kwetu Ruiru, kumuaga mhasibu. Muziki juu, watoto wanapiga kelele, harufu ya chipsi na ya viatu vya kukodi. Waliniwekea kile kingazi cha chuma cha watoto, unaweka mpira juu na kuusukuma. Mpira ni mzito kuliko tufe letu, una mashimo ya vidole, na unakwenda moja kwa moja kama gari la polisi. Nikausukuma. Nikasikia pini tatu, labda nne, zikianguka.

"Zote!" meneja akapiga kelele, na ofisi nzima ikapiga makofi.

Nilitabasamu kwa sababu ni mkubwa wangu. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na hasira niliyoshindwa kuipa jina mpaka nilipomsimulia Selpha. Kumdanganya asiyeona ili kumpendeza ni kumchukulia kitu, hata kama ni kitu kidogo. Pini nne zangu zilikuwa pini nne.

Selpha alicheka mpaka akakohoa. "Mimi siwezi kukudanganya hata kwa kukupendeza. Ukicheza vibaya nitakuambia umecheza vibaya."

"Ndiyo maana nakutaka wewe," nikamwambia.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua imeingia. Uwanja umefungwa.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua.

Jumamosi, 5 Aprili

Ilikatika asubuhi, na Kang'ethe akaturuhusu kucheza mchana. Nyasi nzito, tufe linakufa mapema, inabidi kuongeza nguvu. Hilo nalijua. Lakini leo sikuelewa kitu. Naviringisha, mkono unaniambia ni zuri, kisha Selpha anaita, "Fupi, mita mbili." Naongeza. "Refu." Napunguza. Kimya kwanza, kisha, "Karibu."

"Karibu wapi? Saa ngapi?"

"Kama saa tisa hivi."

Selpha hajawahi kuniambia kama, wala hivi.

Kang'ethe husimama nyuma yangu akiangalia miguu na mkono. Macho yake ya uzee hayafiki kule mwisho, mwenyewe hukiri. Akaniuliza mbona nabadilisha mkono kila mara. Nikasema nafuata ninayoambiwa. Akaguna. Wakati wa kurudi nyumbani Selpha alisema nisijali, kila mchezaji hupitia kipindi kibaya. Nilimshukuru. Nimekaa hapa nikizungusha chungwa mkononi, najiuliza mkono huzeeka lini.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mto Chania umefura, wenzangu kazini wanasema maporomoko yanasikika hadi barabarani. Selpha kwaya.

Jumamosi, 12 Aprili

Beth amekuja kufanya mazoezi nasi, kutoka Juja. Yeye ndiye mpinzani wangu wa kweli, hataki maneno mengi. Mwelekezi wake ni mumewe, Eddie, kijana wa sauti laini. Tulicheza raundi chache za kirafiki, manyunyu yakituangukia. Beth aliniacha mbali.

Kitu kimoja kinanisumbua. Kila nikiviringisha, kabla Selpha hajaniita, nilisikia mnong'ono kule mwisho. Sauti ya Selpha, kisha ya Eddie, kisha ndipo Selpha akaniita saa. Mvua haizibi masikio yangu. Nilimuuliza njiani walikuwa wakizungumza nini.

"Nani, Eddie? Hali ya hewa tu."

"Katikati ya mchezo?"

"Kavindu, na wewe umeanza kuwa mgumu."



Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Kwaya. Cherehani kimya.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Leo nilikwenda na Selpha kanisani kwao. Baada ya ibada alikwenda kumsalimu mchungaji, nami nikabaki kwenye benchi na Wangechi, anayeongoza sauti ya pili kwenye kwaya. Mwanamke wa kelele za kupendeza. Nikamwambia nimefurahia nyimbo zao, na kwamba lazima zile Jumatano zinawasaidia.

"Jumatano zipi?" akasema. "Sisi tunafanya Alhamisi. Na mwambie huyo rafiki yako arudi kwaya, tangu Januari hatujamwona mazoezini."

Selpha aliporudi aliniuliza mbona nimekuwa baridi. Nikasema ni benchi.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilimuuliza. Tulikuwa tukichambua mboga mlangoni kwake.

"Selpha, Jumatano huwa unaenda wapi?"

"Kwaya."

"Kwaya ni Alhamisi."

"Tuko kikundi kingine, cha harusi. Wangechi hayuko."

Nilikuwa sijamtaja Wangechi.

Jumapili, Pasaka

Nilikula peke yangu.

Jumamosi, 26 Aprili

Mazoezi ya mwisho. Jua lilitoka, Beth hakuja, na Selpha aliita vizuri, simu mkononi kama kawaida. Saa, umbali, kila kitu. Mkono wangu ukarudi. Kang'ethe akasema, "Sasa huyo ndiye ninayemjua." Nimejisuta siku nzima kwa niliyokuwa nikiyawaza. Nimemnunulia Selpha parachichi kubwa kwa sababu matunda matamu hali.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika yote, hata mikono ikiuma.

Asubuhi ilikuwa kavu. Nasema hivi kwa sababu ina maana baadaye. Ilinyesha usiku lakini saa tatu jua lilikuwa usoni mwangu na nyasi zilikuwa zikitoa joto. Watu walikuwa wengi, nilisikia viti vikiburutwa, chai ikimwagwa kwenye vikombe vingi. Mwamuzi alikuwa mama mmoja mkali kutoka Nairobi. Alisoma sheria, na moja ilikuwa kwamba hakuna simu uwanjani, kwa mchezaji wala mwelekezi. Nilimsikia Selpha akisema, "Hata ya kurekodi tu?" Mama yule akajibu, "Hata ya kutazama saa." Selpha akanipa simu yake niiweke mkobani. Mkono wake ulikuwa na jasho. Nikadhani ni sukari, nikampa peremende.

Mchezo wa kwanza nilimshinda binti kutoka pwani ambaye alikuwa mgeni kwenye nyasi nzito. Sikuhitaji mengi. Selpha alikuwa akiita polepole, lakini aliita. Kisha ikawa mimi na Beth.

Kuanzia raundi ya kwanza niliona tuko gizani. Najua neno hilo linachekesha likitoka kwangu. Selpha aliita umbali, nikaviringisha, tufe likaanguka kwenye mfereji ule wa mwisho wa uwanja, kishindo chake nilikisikia mwenyewe, naye akaniambia, "Refu kidogo." Refu kidogo si mferejini. Mwamuzi alikuwa amemkataza Eddie kusema lolote na mwelekezi wa mpinzani, kwa hiyo hakukuwa na minong'ono. Kulikuwa na ukimya baada ya kila tufe, mrefu kupita wa kawaida, kisha sauti ya Selpha ikitaja saa kama mtoto anayebahatisha jibu la hesabu.

Nikaacha kumsikiliza. Nikaanza kuusikiliza mkono. Tufe likitoka vizuri kwenye vidole linaacha alama fulani kwenye kiganja, na nyasi zina mlio wake. Nikamfikia Beth kwa pointi, polepole. Tulipofika raundi ya mwisho tulikuwa sawa.

Nilikuwa nimebakiwa na matufe mawili, yeye amemaliza. Nilipiga magoti kidogo, nikalituma lile la kwanza. Wakati linaondoka nilijua. Nililisikia likitoka nje, likigeuka, likirudi ndani, likichoka. Kisha mlio mdogo, kama kikombe kikiguswa na kijiko. Watu wakashusha pumzi wote kwa pamoja.

"Selpha," nikaita. "Wapi?"

Kimya.

"Selpha."

"Fupi," akasema. "Mita mbili. Beth yuko juu ya jeki. Tia nguvu umtoe."

Nilisimama pale. Mkono wangu uliniambia jambo moja na rafiki yangu akaniambia jingine. Nikafikiria mlio ule, nikajiambia huenda nimegusa tufe jingine. Nikafikiria miaka yote ambayo sauti hiyo imeniambia kuna ngazi, na ngazi ikawepo. Nikachagua sauti. Nilituma tufe la mwisho kwa nguvu zangu zote.

Niliyosikia ni kishindo, kisha jeki ikiviringika, kisha watu wakisema "Aaa" kwa sauti ya chini, ile ya msibani. Kisha Eddie akaanza kulia kwa furaha.

Kang'ethe alinifuata kwenye mkeka. Aliongea taratibu. "Mami, kwa nini ulipiga? Tufe lako lilikuwa limeegemea jeki. Ungetupa la mwisho popote, hata nyuma yako, ungeshinda. Umejigonga mwenyewe ukampelekea Beth jeki nyumbani."

"Niliambiwa ni fupi."



Selpha alikuja, akanishika kiwiko. Nikamuuliza mbele ya kocha, "Ulisema fupi kwa nini?"

"Miwani yangu ilikuwa na mvua. Samahani. Niliona vibaya."

Ngozi ya uso wangu ilikuwa kavu na moto. Nilimrudishia simu yake, nikatoa fimbo mkobani, nikaikunjua, nikarudi Ruiru bila yeye.

Jumapili, 4 Mei

Amebisha mara mbili. Nimekaa kitandani.

Jumanne, 6 Mei

Kazini nimepitisha kurasa zenye makosa, zimerudishwa. Kila ninapoanza kusoma kwa vidole narudi pale pale. Mnong'ono na Eddie. Jumatano za uongo. Mvua ambayo haikunyesha. Mtu akiyapanga haya mfululizo hapati kitu kingine isipokuwa kwamba aliniuza. Sijui kwa nini. Labda Eddie ni ndugu yake. Labda alichoka kuwa mtu wa kusimama kule mwisho wakati mimi napigiwa makofi. Nilikuwa namwonea huruma yule msichana niliyekuwa miaka ya nyuma, aliyefika ploti hii na sanduku moja na kuukabidhi mkono wake kwa mtu wa mlango unaotazamana na wake. Sasa nataka kumpiga kofi.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua. Nimejifunza kusoma bili ya stima kwa simu. Inasoma kwa sauti ya mzungu mgonjwa.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwake. Sikutaka ajue nitakuja, kwa hiyo sikubisha, nilisukuma mlango tu.

"Nani?" akauliza.

Nilisimama mlangoni. Ilikuwa mchana, na nyumba hizi hazina hata pazia la katikati. Nilikuwa hatua chache kutoka kwake.

"Ni mimi."

"Aa, Kavindu. Mwanga uko nyuma yako, sikukuona vizuri. Keti, chai iko tayari."

Niliketi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jumatatu, makali, na nilitaka kuyasema yote kabla sijalia. Nikasema niliambiwa na Wangechi. Nikasema nilisikia minong'ono. Nikamuuliza Eddie alimwahidi nini. Alikuwa akimimina chai wakati huo na hakujibu, nikasikia kikombe kikijaa. Nikakasirika kwamba anaweza kumimina chai huku namwambia hayo. Nikanyoosha mkono nikichukue kikombe nikiweke kando.

Kidole chake kilikuwa ndani.

Kilikuwa kimekunjwa juu ya ukingo wa kikombe, ncha ikielekea chini, ikingoja chai ifike. Mimi nimemimina chai hivyo tangu nina miaka tisa. Tulifundishwa shuleni, wiki ya kwanza, kwa maji baridi kabla ya maji moto. Anayeona hamimini chai hivyo.

Hakukiondoa. Tulibaki hivyo, mkono wangu juu ya wake, chai ikipanda mpaka ikamchoma, akakitoa.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Jicho la kushoto tangu Krismasi. Ni sukari. Mishipa inapasuka huko ndani, damu inaingia. La kulia lina kama moshi. Siku nyingine kuna upenyo, siku nyingine hakuna." Aliongea kama anayesomea mtu mwingine barua. "Jumatano ni kliniki. Wananichoma kwa miale ya leza. Wanasema la kulia wanaweza kulishikilia kidogo, lakini hawaahidi."

"Na simu?"

"Nilikuwa nakuza picha. Nikiikuza sana naona kitu cheupe, najua ni jeki. Na Eddie nilimuuliza tu, tufe liko wapi. Alidhani miwani yangu imeharibika. Hakuna kitu kingine, Kavindu. Naapa kwa mtoto wangu."

"Siku ya mchujo uliona nini?"

"Kijani," akasema. "Niliona kijani tu."

Basi hakuniuza. Nilingoja nafuu ije, na kweli ilikuja kidogo, kama mtu aliyetolewa jiwe moja kiatuni wakati kiatu chenyewe ni kidogo. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Mtu mwingine yeyote ningeelewa. Kocha angemwondoa, wateja wangekimbia, mchungaji angemwombea mbele ya kanisa zima. Lakini mimi? Mimi ningemwambia nini ambacho angeogopa kukisikia? Nimeishi huko maisha yangu yote. Ningemwonyesha kila kona.



"Sikutaka kuwa..." akasema, akaishia hapo.

"Kuwa nani?"

"Kuwa hivyo."

"Hivyo ni mimi, Selpha."

Akaanza kulia. Mimi sikulia. Nilikuwa nikifikiria miaka yote aliyonishika kiwiko, akanipangia nguo, akacheka na mimi mlangoni, na kumbe ndani yake alikuwa ananiangalia na kumwambia Mungu, chochote, lakini si hicho. Alikuwa radhi kubahatisha saa mbele ya umati, radhi nipoteze mkono wangu na nafasi yangu na nijione nimezeeka, ili asihesabiwe upande wangu.

Nilimwachia chai yake, nikarudi kwangu. Ni hatua nne. Nilizitembea kwa fimbo.

Jumatano, 14 Mei

Kang'ethe amepiga simu. Beth amethibitishwa. Mimi ni akiba. Anauliza kama nitarudi kwenye ligi ya klabu. Nilimweleza kuhusu macho ya Selpha, kwa sababu mwenyewe aliniomba nimwambie, kwa ujumbe wa sauti. Mzee akasema, "Nilisimama nyuma yako miezi miwili. Hata mimi sikuona." Nilitaka kumwambia kwamba yeye hakuniahidi kitu.

Jumamosi, 17 Mei

Wangechi amekuwa mwelekezi wangu. Anaita kwa sauti ya pili ya kwaya, klabu nzima inajua tufe langu liko wapi. Nilishinda. Nikiviringisha bado nangoja ile sauti nyingine.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zinapungua. Nilishinda tena. Wangechi ananiambia, "Saa kumi na mbili, robo mita," nami nakwenda mwenyewe mpaka mwisho, nainama, napima kwa mkono. Ni robo mita. Kila mara ni robo mita. Siachi kupima.

Jumamosi, 31 Mei

Selpha alibisha asubuhi. Sijaongea naye ila salamu tangu siku ile ya chai. Alisema jicho la kulia lilivuja tena Jumanne. Alisema hakuja kuomba msamaha kwa sababu ameshauomba na hajui kuuomba kwa njia nyingine. Alitaka nimfundishe fimbo.

"Kuna watu wanafundisha hiyo kazi," nikasema.

"Najua. Nimekuja kwako."

Nilimpa fimbo yangu ya zamani. Nilimwonyesha namna ya kuishika, kiganja juu, kidole cha shahada kikilala kwenye mpini, ncha ikifagia upana wa mabega. Ana mkono mzuri, wa fundi. Nikamwambia afumbe macho kabisa, asitegemee kile kidogo kilichobaki, kwa sababu kitamdanganya. Tukatoka nje ya geti. Nilimwambia atangulie kuelekea kwenye duka la maziwa, nami niko nyuma yake.

Njia hiyo naijua. Alhamisi watu wa maji walichimba mtaro unaokatiza njia, kabla tu ya duka, na kuweka ubao mmoja upande wa kulia. Nimeuvuka mara kadhaa. Selpha hajatoka nje wiki hii, hakuujua.

Alitembea polepole, akigonga huku na huku, akipumua kwa mdomo. Nilisikia maji ya mtaro kabla yake, kwa sababu masikio yake bado hayajaanza kufanya kazi hiyo. Akauliza, "Niko sawa? Njia iko wazi?"

Nilifungua mdomo na sikusema kitu.

Haikuwa muda mrefu. Ilikuwa kama ule ukimya wake kule mwisho wa uwanja, kabla ya kunitajia saa. Nilisikia fimbo yake ikigonga udongo, ikigonga tena, kisha haikugonga chochote.

"Simama," nikasema.

Alisimama. Fimbo ilikuwa imeshuka mtaroni, mguu wake mmoja ukingoni. Madongo yalianguka majini.

"Ulijua huu mtaro uko hapa," akasema.

"Nilijua."

Mwanamke wa duka alikuwa akimsalimu mtu upande wa pili. Selpha hakugeuka. Nilikuja nikamshika kiwiko, nikampeleka kwenye ubao, tukavuka, mimi mbele. Nilinunua maziwa, pakiti moja yake, moja yangu. Wakati wa kurudi aliomba atangulie tena. Hakuniuliza kitu njia nzima. Alikuwa akiiuliza fimbo, na kila ilipomjibu, alipiga hatua.